Fundi Placidia na Mistari ya Rangi

Tarehe 30 Juni 2025 Fundi Placidia Kaijage anastaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya umeme wa jua hapa Isingiro kwa miaka ishirini na moja. Alikuja kutoka Rugera akiwa fundi redio. Anaondoka akiwa mkuu wa meza ya taa, ambayo wengi wetu huiita tu kwa Placidia.

Kazi yake ilikuwa kuchagua rezista na dayodi za taa ndogo za LED. Rezista ndiyo inayozuia umeme usizidi. Ukikosea, taa inaungua. Mafundi wengi hupiga hesabu kwa volti kumi na mbili, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye betri. Hapo Placidia alikuwa mkali. Betri iliyoshiba jua la saa saba mchana hupanda hadi volti kumi na nne na ushee, na hesabu yake ilianzia huko. Likitoka jibu lisilouzwa dukani, alichukua rezista kubwa inayofuata, kamwe si ndogo. Afadhali taa ififie kidogo, alisema, kuliko kumrudisha mtu kwenye kibatari.

Dayodi nayo hakuiacha, ingawa inakula volti kidogo. Aliwajua watu wetu: betri inapelekwa mjini kuchajiwa, inarudi kwa bodaboda, baba mwenye nyumba anafunga nyaya kinyume, halafu anakuja kutulaumu sisi! Dayodi huuzuia umeme unaopita kinyume, na ugomvi unaishia hapo. Mzee Nolasco wa Kimuli alirudia kosa hilo mara tatu. Kila mara alipokelewa kwa shikamoo na chai, kisha akasomeshwa upya.

Rezista zenyewe Placidia alizitambua kwa kutazama mistari yake ya rangi. Mita, kwake, ilikuwa ya wenye mashaka. Mwezi Februari mwaka huu alitengeneza taa za chumba cha kujifungulia cha zahanati moja huko Kimuli. Zilipowashwa mezani kwa majaribio, zote ziliungua. Alikuwa ameweka rezista za ohm 27 badala ya 270. Tofauti ni mstari mmoja tu, mweusi badala ya kahawia. Sisi tulicheka, tukidhani katuchezea. Yeye hakucheka. Ni mtoto wa jicho, na kumbe alikuwa akiificha hali hiyo.

Uongozi ulikuwa umeshamwandalia mkataba wa miaka miwili zaidi, na aliutaka sana. Aliukataa palepale mbele yetu sote, akisema taa ikizimika mama akiwa katikati ya uchungu, radhi haitasaidia kitu. Siku ile alilia. Tusidanganyane kwamba ilikuwa rahisi. Kazi hii aliipenda kuliko likizo zake zote.

Taa za Kimuli zilirudiwa na Liliane Umutesi, anayeishika meza hiyo sasa. Placidia aliomba afunge moja tu. Alipomaliza hakuiwasha. Alimkabidhi Liliane aipime kwa mita, akasimama pembeni akisubiri kama mwanafunzi yeyote. Ilikuwa sahihi. Ndiyo inayowaka leo juu ya kitanda cha kujifungulia.

Asante sana, Fundi wetu. Upasuaji wa jicho ni Agosti. Tunakuombea lipone vizuri, ukaione kahawa yako ikiiva nyekundu, na ufurahie mapumziko yako nyumbani.