Mhakiki Aliyesoma Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, asiyeamini kwamba mtu aliyeishia kidato cha pili anaweza kuwaeleza maprofesa waliojaa hapa namna ya kuhakiki makala ya utafiti, anyooshe mkono sasa hivi, tusije tukasumbuana mbele ya safari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika chumba cha nyuma ya duka, akaanza shule mwaka 1964, akapata shahada ya uzamivu katika magonjwa ya mimea mwaka 1989, akafundisha chuo kikuu miaka thelathini na moja, akamwoa mkutubi tarehe 14 Agosti 1991, wakajaliwa mabinti wawili, na juu yao wakaongezewa mpwa mwenye mdomo mrefu kuliko vyeti, huyu mnayemsikiliza, aliyekuja kukaa wiki moja akakaa miaka sita.

Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kuhakiki makala za watafiti wenzake kabla majarida hayajazichapisha. Alisoma kila makala mara tatu, kwanza bila kalamu, kisha akikagua hesabu na majedwali, na mwisho, kwa maneno yake, "kumtafutia mwandishi mlango wa kutokea." Alitanguliza alichokielewa, akasifu kinachostahili, ndipo akauliza, na kila lawama aliiwekea namba ya ukurasa. Macho yalipofifia mwaka 2021, mpwa akawa mchapaji wake, na kila alipocheka kosa la mtu aliambiwa, "Bwana mdogo, andika kama vile mwandishi mwenyewe amekaa kwenye kiti hicho, na mama yake yuko kando."

Mwezi Mei mwaka jana jarida moja lilimwondoa kwenye orodha ya wahakiki wake kwa barua ya mistari minne, kwa kuwa uhakiki uliotumwa kwa jina lake ulisema makala ya mtafiti mmoja kijana haifai hata kufungia misumari, na mwandishi akauze vitunguu. Chuoni mkanong'ona kwamba mzee amezeeka vibaya. Aliisikiliza barua ile ikisomwa, akaagiza ichapwe barua ya kumwomba radhi mwandishi, akatia sahihi.

Aliugua figo tangu Novemba, akafariki Jumanne tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, mkewe amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpeleka kusafishwa damu, na wenzake wa idara.

Karatasi ya wasifu iliyopitishwa na ukoo inaishia hapo, lakini kuna sehemu niliyoiacha. Siku ulipotumwa uhakiki ule wa vitunguu, mjomba alikuwa hospitali kwa vipimo, muda wa kutuma uhakiki ulikuwa unaisha, nami nikajiona nimeshaiva, nikasoma nusu ya makala, sikuielewa, nikaandika ule upuuzi, nikautuma. Mimi ndiye niliyemsomea barua ya jarida, na mimi ndiye niliyechapa ile ya radhi, nikisubiri aniulize, asiniulize. Alijua. Dada mtafiti, wewe uliyekaa safu ya nyuma, aliyekutukana ni mimi, si yeye, na nyote mlionong'ona, mlimsema mtu asiye na kosa huku mimi nipo, nasikia, nimekaa kimya.

Pumzika kwa amani, mjomba, hii aibu ni yangu.