Ngazi za Nyumba Mpya Makole

Mwaka 1995, ndani ya basi la kutoka Kibaigwa kwenda Dodoma, nilikaa nyuma ya Mama Salha, mwenyeji wa Makole pale mjini Dodoma, na kijana aitwaye Wambura. Walikuwa wamejuana safarini humo humo. Mama aliposikia kijana huyo anachora ramani za nyumba, alimgeukia mwili mzima.

"Wanangu wametujengea nyumba nzuri, lakini ina ngazi mbele na nyuma. Mume wangu Bushiri amepooza miguu, anatembelea kiti cha magurudumu. Tangu tuhamie hajatoka nje. Rafiki zake wanamsalimia dirishani, kama mahabusu."

Wambura alimpa pole, kisha akaeleza kwamba msingi usipoinuliwa, mvua zikinyesha maji huingia ndani.

"Msingi sijaukataa, mwanangu. Kwa nini pasiwe na mteremko badala ya ngazi?"

"Wateja wangu wanataka ngazi, mama. Wanasema ndizo zinazoonyesha mtu amejenga."

"Kwani wao hawatazeeka?"

Kijana alicheka kidogo, akaacha. Mimi, mpangaji wa chumba cha uani, nilisogea mbele nisikie vizuri. Wambura alichora kwa kidole mgongoni mwa kiti cha mbele.

"Mteremko utawezekana, ila itabidi tuvunje kibaraza."

"Kibaraza ndicho anachokililia! Anataka kukaa pale awaone watu."

"Basi tuvunje ukuta wa chumba cha wageni, mteremko uanzie hapo."

"Wanangu hawatakubali."

Basi lilisimama stendi. "Njoo umwambie Bushiri mwenyewe," mama alisema. Wambura akampokea kapu, wakashuka wakibishana juu ya ukuta.