Bwana Nassor na Ubao Unaokunywa Maji

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Nassor Hashil anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya kupima vifaa vya ujenzi hapa Madungu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa furaha yenyewe sina.

Aliajiriwa kupima zege na nondo. Mapenzi yake yakaangukia kwenye usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, akawa anazichanganya na gundi ya plastiki na kuzigandamiza hadi ziwe ubao. Alitaka Pemba ijenge kwa makumbi yake badala ya kungoja mbao zinazoletwa kwa meli. Ubao ukiwa mkavu, jamani, mashine ya kuuvuta ililia kabla haujakatika! Ukinywa maji tu, nyuzi zilivimba, gundi ikaachia, nusu ya nguvu ikapotea.

Aliwahi kututengenezea benchi la barazani, akaapa litatuzika sote. Masika haijaisha, Mzee Mbarouk, mkuu wetu wa wakati huo, akaenda nalo chini, yeye na kanzu yake na kikombe cha chai. Bwana Nassor hakuomba hata radhi. Alimsihi mkuu asiinuke kwanza, apate kuutazama ufa. Tulicheka hadi tukashika mbavu.

Mwaka jana, baada ya kuziosha nyuzi kwa magadi makali na kubadili gundi, ubao mmoja ulikaa majini masika nzima ukatoka na nguvu zake. Alisujudu palepale sakafuni. Lakini ubao mmoja si ushahidi. Zilitakiwa mbao nyingine nyingi, za makumbi mapya, kabla ya kumwezekea mtu nyumba.

Hazitapimwa. Hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi yake, na chumba cha mashine kinafanywa ghala. Tumewafuata wakubwa mpaka tumechoka. Inauma, wallahi, wala sitaki kuipaka sukari.

Wiki iliyopita alikwenda Vitongoji kwa Bi Mwanapili na wenzake, wanaotufukia makumbi kwenye tope la pwani mpaka yalainike. Akawaambia wasitufukie mengine tena. Bi Mwanapili akamuuliza yaliyokwisha kufukiwa yafanywe nini. Bwana Nassor aliaga akaondoka.

Jana bibi huyo alitupigia simu kuuliza lilelile. Tukamwambia ayaache yaozee humo humo.

Ahsante kwa yote, kaka yetu. Mungu akupe afya na siku za raha, na njia ya Vitongoji usiipite kwa sasa.