Sweta Niliyokuwa Nikiifunga Kiunoni

Bwana asifiwe, kanisa! Leo sianzi na wimbo, maana nikiimba nitalia, na kilio changu mmekisikia vya kutosha. Mimi ni Wairimu wa mtaa wa Skuta, yule fundi wa kufuma sweta za shule. Ndugu zangu, Mungu wetu ni fundi kuliko mafundi wote!

Mnanijua kwa jambo moja. Baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, kila mtu amejifunika, na mimi sweta yangu nimeifunga kiunoni. Mkaniuliza, "Wairimu, kwani wewe husikii baridi?" Nikacheka. Baridi niliisikia mpaka kwenye mifupa! Lakini nilikuwa natokwa na damu. Si ile ya mwezi, hapana. Ilikuja ilipotaka, ikaondoka ilipotaka, na sweta ilikuwa ya kufichia aibu.

Nikaanza kupata kizunguzungu kwenye mashine. Mama mkwe wangu, Mungu ambariki, akatoka Kutus na gunia la bitiruti na managu, ile mboga ya mnavu. "Kula damu irudi," akasema. "Ati mtu mzima ashindwe na damu!" Nikala mpaka midomo ikawa myekundu. Huku naongeza, huku inamwagika. Tulikuwa tunajaza debe lililotoboka.

Mume wangu Muriuki ndiye aliyenishika mkono tukaenda hospitali. Wakachukua kipande kidogo cha ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi, wakakipima. Ndugu zangu, kungoja yale majibu! Mimi bado sijapata mtoto. Daktari Nekesa akasema si saratani, lakini ukuta umekua kupita kiasi, na ukiachwa hivyo unaweza kugeuka kuwa saratani. Dawa ikishindwa, huenda tumbo la uzazi likatolewa. Nililia mpaka akaenda kufunga mlango.

Halafu akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akafurahi kweli!

"Basi mami, hii utaielewa haraka. Kuna homoni inaitwa estrojeni. Kazi yake ni kufuma huo ukuta, safu juu ya safu. Ya pili ni projesteroni. Hiyo inakuja baada ya yai kutoka. Inaambia ukuta, imetosha, wacha kukua, sasa jitayarishe. Tena inafanya ukuta usisikie estrojeni sana. Sasa wewe yai halitoki vizuri, kwa hivyo hiyo ya pili haiji. Ya kwanza inafuma tu, na hakuna wa kufunga pindo."

Nilishika kichwa! Sweta isiyofungwa pindo naijua mimi. Inafumuka yenyewe, leo hapa, kesho pale.

Nikapewa tembe za aina ya projesteroni. Damu ikakauka! Jumapili hiyo, mbio mbio, nikasimama hapa hapa nikatangaza nimepona, na kina mama mkanipigia ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka paa likatetemeka. Tembe za duru ya kwanza zikaisha. Wiki hiyo hiyo damu ikashuka.

Haraka haraka haina baraka! Nilijifungia nyumbani. Niliona nimemwaibisha Mungu mbele ya watu wake. Nikamwambia Muriuki dawa imeshindwa, kama ni kulitoa tumbo la uzazi, walitoe. Muriuki hakubishana nami. Alimpigia daktari simu, akaniwekea sikioni.

Daktari Nekesa akacheka kwa furaha. "Mami, hiyo ndiyo tulikuwa tunangoja! Tembe zikiisha, ukuta unashuka wote pamoja, kwa mpango. Huo si ugonjwa umerudi. Hiyo ni dawa imefanya kazi. Kuja uchukue zingine, umalize!"

Haleluya! Kumbe nilikuwa nalilia jibu la maombi yangu mwenyewe!

Nikameza duru baada ya duru, kama nilivyoambiwa, na safari hii nikafunga mdomo. Juzi wakachukua kipande tena, wakapima. Ukuta ni safi, kanisa! Hakuna anayezungumza tena habari ya kulitoa tumbo. Mtoto bado, nisiwadanganye. Lakini akija, atapata nyumba yake ikiwa imesimama.

Namshukuru Mungu aliyeziumba homoni zote mbili, moja ya kufuma na moja ya kusema imetosha. Namshukuru Muriuki, na daktari, na hata mama mkwe na bitiruti zake. Ndugu zangu, mtumainini Bwana, na akikuelekeza kwa daktari, nenda! Usikae nyumbani ukingoja malaika, na zahanati iko hapo barabarani.

Na kama kuna dada hapa ambaye sweta yake iko kiunoni asubuhi hii, mimi sitamtazama. Tukitoka tu, anishike mkono, nitampeleka mwenyewe. Nje kuna baridi, na yangu mnaiona: nimeivaa, na vifungo vyote nimefunga!