Dada Gia, Fundi wa Magari Yasiyotoka Ukumbini

Tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba fundi saa na mama muuguzi. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Dada Gia. Akiwa na miaka sita aliifungua redio ya baba hadi nati ya mwisho. Baba hakumchapa. Alimwambia tu, "Umefungua, funga." Akafunga, na redio ikaimba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1978. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi kusomea elektroniki, msichana peke yake kati ya wavulana ishirini na wanane. Siku ya kwanza mwalimu alimuuliza kama amekosea mlango. "Hapana, mwalimu. Nimesoma kibao kabla ya kuingia." Alihitimu mwaka 1981 akiwa wa pili. Dada Gia alimlalamikia huyo wa kwanza hadi uzeeni.

Mwaka 1984 aliajiriwa kwenye ukumbi wa gemu uliokuwa juu ya duka la viatu. Palikuwa na mashine sita za magari ya mashindano. Mnaokumbuka mnakumbuka: unakaa kwenye kiti cha plastiki, unashika usukani, taa zinawaka nyekundu, nyekundu, kijani, na barabara yote inakujia usoni. Mtaani kwetu wenye magari walikuwa wa kuhesabu, lakini pale juu kila mtu alikuwa dereva. Marehemu hakucheza sana. Alisimama nyuma ya wachezaji akisikiliza, kisha husema, "Ya nne inakohoa," na kweli ukiifungua unakuta waya umelegea.

Humo humo alimpata mumewe, fundi wa kushona viti. Bwana huyo aliitwa kushona kiti kimoja kilichochanika, akakishona wiki tatu. Mwenye ukumbi akauliza, "Kiti gani hicho kisichokwisha?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991 mdogo wake, yaani mimi ninayewasomea, nilikuwa mwashi. Nilianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo tulilokuwa tukijenga, na tangu siku hiyo miguu yangu haijasikia kitu. Miezi tisa sikutoka chumbani. Dada hakunibembeleza. Alikuja asubuhi moja na shemeji, wakanibeba hadi ukumbini na kuniweka kwenye mashine ya sita.

"Dada, unanidhihaki? Nitakanyaga mafuta na nini?"

"Nani kakwambia gari linajua mguu? Linajua amri tu. Vuta hapa uende, sukuma usimame."

Alikuwa ameng'oa pedali na kuhamishia waya zake kwenye wenzo wa mkono chini ya usukani. Nilivuta. Kona ya kwanza niligonga ukuta, gari likapinduka mara tatu, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nilipogeuka, dada alikuwa ametazama dirishani, anajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vioo.

Mwenye ukumbi alikasirika. "Mashine hii ni ya wateja, si ya ndugu yako!"

"Na yeye si mteja? Ukiirudisha pedali, tafuta na fundi wa kuirudisha."

Pedali haikurudi. Wenye miguu yao mizima wakaanza kupanga foleni kwenye ya sita, na wengi wao niliwashinda.

Dada hakuishia hapo. Alijifunza magari ya barabarani kwa fundi makanika mmoja, na mwaka 1996 akanifungia wenzo kama ule kwenye gari la kweli. Nilifaulu mtihani wa udereva mara ya pili. Hadi anastaafu alikuwa amewafungia watu arobaini na mmoja, na kila mmoja alikaa naye kwenye gari siku ya kwanza, mkanda umefungwa, mikono mapajani, bila kumpigia kelele.

Ukumbi ulipofungwa mwaka 2004, aliichukua mashine ya sita akaiweka sebuleni kwake. Watu wazima wenye vipara walikuja, wakashika usukani, kisha wakaanza kutajana majina ya utotoni.

Aliugua moyo tangu Agosti 2023. Hata kitandani alituuliza nani kaikaza hiyo feni vibaya. Alitutoka hospitalini Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, siku tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na minne.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Ameacha pia madereva arobaini na mmoja. Wengi wao wamefika hapa leo, na wamekuja wakiendesha wenyewe.

Dada, umefanya kazi yako vizuri. Lala kwa amani.