Mlima Wako Ukoje Leo? Bi. Rukia Anatuachia Brashi

Bi. Rukia Shakiru, muuguzi wa kituo chetu cha afya hapa Njoro, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mimi wa maabara nimepewa kalamu kwa sababu, kama wasemavyo wenzangu, brashi ilinishinda.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia kliniki ya presha, na huko akachoshwa na neno moja: nzuri. Umuulize mgonjwa habari, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Kumbe jana katoka kuzika! Basi Bi. Rukia, binti wa fundi wa kuandika vibao vya maduka, akapiga chokaa ukuta wa pale wanaposubiri wagonjwa, akaleta rangi, akabadilisha swali: mlima wako ukoje leo? Kila mtu achore mlima huu tunaouona kila asubuhi, kadiri moyo wake ulivyo: uwe wazi au umefunikwa na mawingu.

Tulicheka sana. Nilipochora wangu, mama mmoja wa Kahe aliuliza, "Baba, kiburu hicho kimeunguzwa na nani?" Bi. Rukia akanitetea kwamba kiburu ni ndizi na maharage, lishe bora hata kikiungua. Tangu hapo naitwa Daktari Kiburu, na udaktari wenyewe sina.

Kicheko kilikatika siku alipokuja Mzee Eliamini wa Kwa Sadala. Mkewe alikuwa amefariki, dawa za presha ameziacha, na kila tulichomuuliza kilikuwa kizuri. Akashika brashi, akapaka kijivu juu mpaka chini. Mlima hakuna. Bi. Rukia akavuta kiti, akamwomba amsimulie mkewe alivyokuwa, mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Mwezi uliofuata Mzee alirudi, akaweka doa dogo jeupe juu kabisa. Siku hiyohiyo alichukua dawa zake. Sasa ndiye anayewashikisha wageni brashi, na vipimo vyake vinanitia wivu.

Wiki iliyopita alisikia kwamba Bi. Rukia anaondoka. Akaenda ukutani, akapaka mawingu mazito, nasi tukaanza kutazamana. Kisha akaacha kilele wazi. "Nimefunikwa, sista," akamwambia, "ila kilele nakiona."

Asante, Bi. Rukia, kwa kutufundisha kuuliza. Tunakutakia asubuhi nyingi za mlima ulio wazi. Na siku ukifunikwa, usije ukatuambia "nzuri". Njoo, ukuta upo, na Daktari Kiburu atakushikia kopo la rangi.