Tuna Ni Samaki Gani?

Kijiwe chetu kilikuwa Ng'ambo, mtaa wa Tabora, kwenye baraza la duka la Mzee Hamoud, lililofungwa tangu duka la ushirika lifunguliwe upande wa pili wa barabara. Benchi lenyewe lilikuwa taruma la reli, na msiniulize lilitokaje stesheni. Mimi Abasi ndiye niliyekuwa nikiuza kahawa pale. Muuza kahawa hana wa kubishana naye, kwa hiyo husikia yote. Mwaka ule ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua ilikuwa imetukimbia, kuku wamemalizwa na kideri, na kila kilichoshuka kwenye behewa tulikitazama kwa jicho la pembeni. Wengine ugali wa njano hawakuugusa mpaka waone mtoto wa jirani kaula na kaamka salama. Basi asubuhi moja Yahaya Cherehani, fundi wa nguo, akatoka duka la ushirika na kopo moja la bati, akaliweka katikati ya benchi. Lilikuwa na picha ya samaki na neno moja kubwa: TUNA.

— Tuna nini? akauliza Mzee Mayala Misri, aliyeitwa hivyo kwa sababu vita vya pili vya Wajerumani vilimfikisha huko na hajarudi bado kwa maneno. — Mbona hawamalizii?

— Ndilo jina lake, mzee. Nimemwuliza muuzaji tuna ni kitu gani, kanijibu, "Ndugu, wenzako wako kwenye foleni."

— Umeona? Mtu mwenye bidhaa safi hajibu hivyo, akasema Mzee Hamoud. — Mimi miaka yote niliuza dagaa wa Kigoma, na ukiniuliza nakupa mpaka jina la aliyewavua.

— Na ukimwuliza bei anakupa jina la babu yake, akasema Mayala.

Wakacheka. Yahaya hakucheka.

— Jamani, mama mkwe wangu yuko nyumbani. Kashuka na treni alfajiri kutoka Igalula. Nyama hakuna, kuku hakuna, kitoweo ni hiki. Nataka neno moja tu: samaki huyu ana magamba au hana?

Kila mmoja wetu alijua Yahaya anaogopa nini. Sote tukageuka kumtazama Lugembe Kibendera.

Lugembe alikuwa akifanya kazi reli. Yeye na Yahaya walioa nyumba moja: yeye alimwoa Nunu, binti mkubwa wa Bi Masika, na Yahaya akamwoa mdogo, Maua. Miaka miwili kabla ya hapo Nunu alikwenda kwa mamaye, asirudi tena. Lugembe alitueleza kisa hicho palepale kwenye benchi, machozi yakimlenga. Kumbe ukoo wa mama yule una mwiko wa samaki asiye na magamba. Yeye, bila kujua, akaleta kambale nyumbani. Mama akala, akavimba uso, akamchukua bintiye siku ileile. Tulimsikitikia sana. Tokea siku hiyo kikombe chake nilikuwa nakijaza hadi ukingoni.

— Mimi nasema kwa sababu yamenipata, akasema Lugembe taratibu. — Yule mama hasamehi. Ukikosea kitoweo, jioni Maua yuko kwenye treni.

— Si umwulize mwenyewe? nikasema.

Yahaya akanitazama kama nimemtukana. Kweli nilisema ovyo. Mkwe hatazamani na mama mkwe. Akimwona njiani hushuka kando, na neno la lazima hupita kwa mtu wa tatu. Atamwendeaje kumwuliza, "Mama, wewe huli nini?"

— Basi mkeo.

— Nimemwuliza Maua. Anapepeta tu. Mwisho kanijibu kwa hasira, "Kamwulize Lugembe ni samaki gani." Ndiyo nimekuja.

— Wanawake hawatoi siri za ukoo wao, akasema Lugembe, akapuliza kahawa yake.

Mzee Hamoud akalichukua kopo, akalisogeza mbali na macho.

— Neno hili ni letu. Kwa Kiarabu ni *tuun*. Waarabu waliotawala Andalusia ndio waliowaachia Wahispania, Wahispania wakawapa wenzao. Ni samaki mkubwa wa baharini, pwani wanamwita jodari. Marehemu baba akisema Oman wanamkausha kwa chumvi.

— Kila kitu chenu, akasema Mayala. — Njia ya msafara yenu, tende zenu, sasa na kopo lenu. Haya, ana magamba?

— Baba hakusema.

— Wewe umemwona kwa macho yako?

— Nimezaliwa Tabora, nikakulia Tabora. Bahari nitaionea wapi?

— Mwarabu asiyejua bahari! Ndiyo maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Inahusu nini hapo?

— Huyu kashakunjwa. Kakunjwa mpaka kaingia kwenye kopo.

Damas Kengele, aliyewahi kupiga kengele ya misheni, alikuwa akitafuta nafasi muda wote. Sasa akapandisha suruali magotini.

— Mnapotea. Palikuwa na padri mmoja wa Kihispania, nilimfulia nguo. Akaona mpungate kwenye ua, akachuma tunda lake, akaniambia, "Damas, hii kwetu ni tuna." Masikio yangu haya.

— Mpungate wa miiba?

— Huohuo. Tunda lake jekundu ndani.

— Na picha ya samaki je? akauliza Hamoud.

— Kuwapoteza walanguzi. Mlanguzi akiona tunda la kopo, ataficha. Akiona samaki, atahofia harufu.

Hamoud akafunga macho kama mtu anayeumwa jino. Yahaya yeye uso ukamkunjuka kidogo. Tunda halina magamba wala halina mwiko. Lakini hakupata muda wa kufurahi.

— Mimi nitasema, na Mungu anisamehe, akasema Mayala. — Kule Misri tulikaa na askari wa kisiwa cha mwisho wa dunia, Nyuzilandi. Wenyeji wa huko, si wazungu. Watu wa haki, wakicheza ngoma yao wanatoa ulimi. Siku moja tunakula, mmoja akawa analilia kwao. Anasema amekumbuka tuna wa mtoni kwa mama yake. Nikamwuliza, tuna ni nini? Akanichorea mchangani. Mrefu. Hana mapezi ya maana. Mkunga!

— Mkunga yule kama nyoka?

— Kama nyoka, mwanawane. Mwili unateleza kama sabuni.

Yahaya akaondoa mkono wake kwenye kopo.

— Nilijua, akasema Lugembe. Sauti yake ilikuwa na utamu ambao sikuupenda, ila sikujua kwa nini. — Mkunga na kambale baba mmoja. Ndugu yangu Yahaya, litupe. Au bora zaidi, mwambie mama mkwe umesafiri. Usionane naye kabisa. Yule mama akija mjini huwa anatafuta sababu tu.

— Litikise kwanza, akasema Damas.

Yahaya akalitikisa. Ndani kukachezacheza.

— Mna maji, akanong'ona Damas. — Samaki mfu anatiliwa maji ya nini?

— Mambo yanafuatana, akasema Mayala. — Kwanza yakaja mahindi ya njano, rangi ya homa ya manjano. Tukala. Sasa anakuja nyoka wa kopo. Kesho?

— Na kabla ya hayo yote likafungwa duka langu, akasema Hamoud, — ili msiwe na wa kumwuliza.

— Beberu anaijua miiko yetu, akasema Lugembe. — Anajua mtu akilishwa mwiko wake, ukoo unasambaratika. Wameanza na nyumba yangu. Sasa wamefika kwa Yahaya.

— Kweli kabisa, akasema Mayala. — Mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Nani kachimba, Mayala?

— Atajulikana.

Hapo nikaona khanga inakuja kutoka kichochoroni. Bi Masika alikuwa mwanamke mfupi, hatua zake za mkulima. Yahaya alipomwona aliruka na kujibanza nyuma ya nguzo ya baraza, akageukia ukutani. Mama naye akavuta khanga, akafunika upande wa uso ulioelekea nguzo. Wote wawili walifanya kwa haraka na kwa adabu, kama inavyotakiwa. Ua wa Yahaya ulipakana na baraza, na matete hayazuii sauti. Sikuwa na haja ya kumwuliza amesikia nini.

— Mwangaluka, akatuamkia.

— Shikamoo, mama, nikasema.

— Marahaba, mwanangu. Mwambie mkwe wangu, mimi sina mwiko wa samaki. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Mto Ugalla, nimelelewa kwa kambale. Mwambie alipeleke kopo jikoni, Maua ameshasonga ugali. Nina njaa.

— Yahaya, nikasema, — mama anasema...

— Nimesikia, ikajibu nguzo. — Mwambie mama, asante. Mwambie sijui ni samaki gani.

— Mwambie nitamjua nikimla.

Tukaanza kucheka, kwa ahueni zaidi kuliko kwa kichekesho. Kicheko hakikufika popote. Bi Masika alikuwa ameiachia khanga ikaanguka mabegani. Akamgeukia Lugembe, uso wazi, akamkazia macho. Sijapata kuona mama mkwe akifanya hivyo, na wazee wawili waliokuwa pale hawakuwa wamepata kuona pia. Mzee Hamoud akatazama chini.

— Wewe sikufuniki uso, akasema. — Wewe si mkwe wangu tena, kwa hiyo nitakuuliza mwenyewe. Nunu alishuka Igalula mkono kaufunga kwa kitenge, mfupa umetoka mahali pake. Mpaka leo hawezi kuinua mchi. Nimekusikia hapa ukisema ni samaki. Nami nataka kujua, Lugembe. Mkono wa mwanangu ulivunjwa na samaki gani?

Lugembe akamtazama Mayala, mwenye jibu la kila kitu tangu Misri. Mayala alikuwa anakuna goti. Akamtazama Damas. Damas akateremsha suruali yake mpaka vifundoni.

Bi Masika alingoja. Alimpa muda wa kutosha kabisa. Kisha akalichukua kopo, akalitia kwapani, akavuta khanga usoni kwa heshima ya yule aliye nyuma ya nguzo, akaondoka. Alipopotea kichochoroni Yahaya akatoka, shati limejaa chokaa. Alimtazama Lugembe mara moja, akafuata nyumbani bila kuaga.

Tukabaki. Nilifikiri juu ya miaka miwili ile tuliyokaa tukimwonea huruma mtu huyu, na kopo tukaliogopa kwa asubuhi moja mpaka tukalitikisa. Nilikasirika.

— Mambo ya wanawake haya, akasema Lugembe, akajaribu kucheka. — Hawa wakiamua kukuchafua... Abasi, hebu niongeze.

Akanyoosha kikombe.

— Kahawa imekwisha, nikamwambia.

Nikainuka na dele langu la kahawa, zito, moto, limejaa, nikalipitisha mbele ya pua yake, nikammiminia Mzee Hamoud.